Meko Yaliyopoa: Kazi ya Kusafisha Nyumba Katika Baridi ya Uingereza

Msemaji wa Kiswahili aliyelelewa pwani hupata taabu kidogo kuyafahamu masimulizi ya watumishi wa Uingereza, na taabu hiyo hutokana na lugha yenyewe. Kwetu ubaridi ni neno la heri. Chenye kuunguza hungojewa kipoe. Mwenye majonzi hupozwa moyo. Maji ya mtungi husifiwa kwa ubaridi wake, na kipupwe hukaribishwa kama mgeni mwema baada ya joto la kaskazi. Basi asomapo kwamba mtumishi fulani alisafisha chumba kisicho na moto, huenda akadhani kwamba mtumishi huyo alipata afadhali. Watu wa Njombe na wa Limuru hawahitaji maelezo haya. Wengine wetu twayahitaji.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba baridi aliyofanyia kazi msafishaji wa nyumba Uingereza haikuwa tu bahati mbaya ya hali ya hewa, wala haikutokana daima na ubahili wa mwenye nyumba. Ilikuwa sehemu ya utaratibu wa kazi yenyewe. Joto lilikuwa ni la mkaaji. Saa za msafishaji zilikuwa ni saa za kabla ya joto au za baada yake. Vyombo vya kupashia moto vimebadilika mara nyingi, lakini utaratibu huo umedumu kuliko vyombo.

Nyumba ya Kiingereza ya karne ya 19 ilipashwa moto chumba kwa chumba. Kila chumba chenye heshima kilikuwa na meko yake ukutani, yenye wavu wa chuma wa kuwekea makaa ya mawe, na juu yake dohani ya kupitishia moshi. Usiku moto uliachwa ukafa. Asubuhi, kabla haujawashwa tena, ilipasa majivu yazolewe, makaa ambayo hayakuungua yachekechwe yapate kutumika tena, na chuma kisuguliwe kwa dawa nyeusi mpaka king'ae. Chuma chenye moto hakisuguliki. Kwa hiyo aliyeamka kuyasafisha meko hakuweza kuota moto huku akiyasafisha: sharti la kazi yake lilikuwa kwamba moto uwe umekwisha kupoa. Akimaliza, aliwasha moto mpya, akauacha ushike, akaenda chumba kingine kilichopoa. Chumba kilipopata joto, yeye alikuwa hayumo tena.

(Ile dawa nyeusi Waingereza waliiita risasi nyeusi, ingawa haikuwa na risasi ndani yake hata chembe, ilikuwa ni grafiti. Tusiwacheke, maana nasi mpaka leo twaandika kwa kalamu ya risasi, na ndani yake mna grafiti ile ile.)

Kulikuwa na sababu mbili nyingine za kuzidisha baridi hiyo. Kwanza, makaa ya mawe yaliyoleta joto ndiyo yaliyoleta uchafu. Masizi yaliganda juu ya mapazia, picha, vioo na ngazi, hata mtu aweza kusema kwamba nusu ya kazi ya mtumishi ilikuwa ni kuufuta moto wa jana. Pili, katika zama hizo wengi waliamini kwamba maradhi hubebwa na hewa chafu. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliweka mbele ya mambo yote sharti la kuingiza hewa safi chumbani, naye aliongeza kwa busara kwamba mgonjwa asitiwe baridi. Vitabu vya uangalizi wa nyumba, ambavyo mashuhuri kati yavyo ni kile cha Isabella Beeton cha mwaka 1861, navyo viliagiza madirisha yafunguliwe vyumba vipate hewa. Aliyelala kitandani aliangaliwa asipatwe na baridi. Aliyetandika kitanda hakutajwa.

Watumishi hao walikuwa wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba katika Uingereza watumishi wa majumbani walizidi milioni moja, na wengi wao walikuwa wanawake. Tusidhani kwamba wote walikuwa katika majumba makubwa ya mabwana, ambamo mmoja huangalia vyombo vya fedha na mwingine huangalia vitani. Wengi walikuwa peke yao katika nyumba za watu wa kadiri, kila mmoja akifanya kazi zote tangu jikoni mpaka darini. Na chumba chao cha kulala, kilichokuwa mara nyingi huko huko darini chini ya paa, kwa kawaida hakikuwashwa moto.

Mmoja wao ametuachia maandiko. Hannah Cullwick alizaliwa Shifnal, katika jimbo la Shropshire, mwaka 1833, akaanza kutumika angali mtoto. Mwaka 1854 alikutana mjini London na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi, ambaye alimtaka aandike habari za kazi zake za kila siku. Mwaka 1873 waliooana kwa siri, naye akaendelea kutumika katika nyumba ya mumewe kana kwamba ni mtumishi wa kawaida. Sehemu za kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1984. Mwanahistoria hana budi kuzisoma kwa uangalifu, kwa kuwa Hannah aliandika kwa ajili ya msomaji mmoja, na msomaji huyo alikuwa na shauku isiyo ya kawaida ya kuona wanawake waliochafuka kwa kazi. Hata hivyo, orodha ya kazi zenyewe ni ya kweli: kufungua vibao vya madirisha, kuwasha moto wa jikoni, kumwaga masizi, kufagia, kuyatengeneza meko, kusafisha viatu, kupiga magoti nje mlangoni na kuzisugua ngazi.

Mwanaisimu huona jambo jingine katika maandiko hayo. Mara nyingi Hannah huliacha lile neno la Kiingereza la nafsi ya kwanza. Vitendo hufuatana bila mtendaji, kimoja baada ya kingine, kama vitu vilivyopangwa rafuni. Sitaki kudai mengi, maana Waingereza wengi huandika hivyo katika shajara zao, hata wasio watumishi. Lakini jaribu kuyatia maandiko hayo katika Kiswahili, utashindwa kuyahifadhi jinsi yalivyo. Itakubidi useme nikafungua, nikawasha, nikafagia, nikapiga magoti. Kiambishi cha nafsi hakiondoki. Kiswahili humrudisha mtendaji katika kila kitendo, atake asitake.

Ama habari ya mwili, tumepata kusikia hoja kwamba afanyaye kazi ya nguvu hujipasha joto mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Mgongo wa mwenye kusugua hutoka jasho, lakini mikono yake imo majini. Maji yaliyochemshwa jikoni, katika nyumba nyingi huko chini ya ardhi, yalipandishwa kwa ndoo ngazi baada ya ngazi, na upesi yalipoa. Yalitiwa magadi, ambayo huiondoa ngozi mafuta yake. Ngozi ikapasuka, na baridi ikaingia katika mipasuko. Vidole vilivimba, vikawa vyekundu, vikawasha usiku mtu apatapo joto la blanketi. Na ule uvimbe wa mbele ya goti, upatikanao kwa kupiga magoti siku nyingi, madaktari wa Kiingereza wenyewe waliuita kwa jina la kazi hii: goti la mtumishi wa nyumbani. Ni nadra tabaka la watu kupewa heshima ya namna hiyo katika vitabu vya tiba.

Utaratibu huu ulisafiri. Walowezi wa Kiingereza waliokwenda kukaa katika nchi ya juu ya Kenya walijenga meko ya ukutani kama ya kwao, na waliowashia moto alfajiri walikuwa Waafrika, na kwa kawaida wanaume, jambo ambalo kwa Mwingereza wa nyumbani lilikuwa kinyume cha desturi. Jina walilopewa ni boi, hata kama mwenye kuitwa ana wajukuu. Vitabu vya kufundishia Kiswahili cha bara, kama kile cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, viliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wenye haja ya kuamuru. Lakini habari hizo zastahili makala yake zenyewe, nami narudi Uingereza.

Pamoja na mtumishi alalaye kwa bwana wake, kulikuwa tangu zamani na mwanamke mwingine, ajaye asubuhi na kwenda zake. Waingereza humwita "charwoman". Sehemu ya kwanza ya neno hilo yatokana na Kiingereza cha kale, nayo maana yake ni mgeuko, au mara moja, au zamu. Kwa hiyo huyu ni mwanamke wa zamu. Hapa Kiswahili kina ndugu yake wa karibu katika maana, ingawa si katika asili. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanya kazi wa kutwa. Kisha jina la cheti likahamia kwa mtu. Waingereza walimwita mtu kwa wakati wake, sisi tukamwita kwa karatasi yake. Katika lugha zote mbili hakuitwa kwa kazi aifanyayo.

Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 wasichana wengi walianza kuukataa utumishi wa kulala nyumbani mwa watu, kwa kuwa viwanda na maofisi viliwapa jioni zao. Baada ya mwaka 1945 utumishi huo ulikaribia kwisha. Serikali iliona tatizo: mwaka huo ilitolewa taarifa ya Violet Markham na Florence Hancock juu ya kazi za nyumbani, na mwaka 1946 kikaundwa chama cha taifa cha kuwafundisha watumishi hao na kuinua heshima yao. Heshima haikuinuka sana. Kilichoinuka ni idadi ya wanawake wa saa mbili hapa na saa tatu pale, na miongoni mwao baadaye wakawamo wahamiaji wengi kutoka pande mbalimbali za dunia.

Hapo ndipo vyombo vilipobadilika. Moshi mzito wa Desemba 1952, uliowaua maelfu ya watu London, ulizaa sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, na makaa ya mawe yakaanza kuondoka mekoni. Polepole katika miaka ya 1960 na 1970, na kwa haraka baada yake, nyumba za Uingereza zilitiwa mabomba ya maji ya moto yapitayo katika kila chumba. Mtu angetazamia kwamba sasa baridi ya msafishaji ingekwisha, maana hakuna tena wavu wa kusugua. Haikwisha, ilihama saa. Mabomba hayo huongozwa na saa maalumu: huwaka asubuhi watu waamkapo, huzimika watokapo kwenda kazini, huwaka tena jioni kabla hawajarudi. Na msafishaji huja lini? Huja mchana, nyumba ikiwa tupu. Mtangulizi wake aliingia kabla ya joto. Yeye huingia kati ya joto na joto. Kidude cha kuongezea joto kipo ukutani mbele yake, lakini si chake kukigusa, na mwenyewe wa kuombwa ruhusa hayupo.

Twaweza kuuliza kama sheria ya nchi ile haikuijua baridi ya kazini. Iliijua vizuri. Sheria ya viwanda ya mwaka 1937 ilitaja digrii 60 za Fahrenheit kwa vyumba vya kazi za kukaa, baada ya saa ya kwanza. Sheria ya maduka na maofisi ya mwaka 1963 ilitaja digrii 16 za sentigredi. Mwongozo ulioandamana na kanuni za mwaka 1992 ulishika digrii 16, na 13 kwa kazi ya nguvu nyingi. Maana yake ni kwamba ile hoja ya mtu kujipasha joto kwa kazi ilipimwa ikapewa thamani ya digrii tatu, wala si zaidi. Lakini kanuni hizo za 1992 haziihesabu nyumba ya kukaa watu kuwa mahali pa kazi. Na sheria kubwa ya usalama kazini ya mwaka 1974, katika kifungu chake cha 51, yasema kwamba sehemu yake ihusuyo usalama haimhusu mtu kwa sababu tu ya kumwajiri mtumishi katika nyumba yake, au ya kuwa yeye mwenyewe ndiye mtumishi huyo. Aliyetumwa na kampuni ana kinga fulani kwa upande wa kampuni yake. Aliyeajiriwa na mwenye nyumba mwenyewe hana hata hiyo.

Haki yataka tuseme pia kwamba si kila mwenye nyumba aliyezima moto alikuwa mkatili. Mwezi Aprili 2022 kiwango cha juu cha bei ya gesi na umeme wa majumbani kilipandishwa kwa asilimia 54, na wazee wengi walikaa ndani wakiwa wamevaa makoti. Msafishaji aliyeingia katika nyumba ya mzee kama huyo alikuta baridi ya watu wawili. Hiyo ni baridi ya namna nyingine, nayo haifai kuchanganywa na ile ya nyumba ambayo moto wake hungoja wenyewe warudi.

Tarehe 16 Juni 2011, mjini Geneva, mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Mkataba namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, ambao miongoni mwa mambo yake wawapa haki ya mazingira ya kazi yenye usalama na afya. Serikali ya Uingereza haikuupinga mkataba huo, wala haikuukubali. Ilijizuia kupiga kura. Mjumbe wake alieleza kwamba haikuona inafaa, wala haikuona inawezekana, kuzipeleka sheria za jinai za usalama kazini, pamoja na wakaguzi wake, mpaka ndani ya nyumba za watu.