Joto, Suruali na Mbegu za Kiume

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha tiba cha Wagiriki, ambacho huhusishwa na jina la Hippocrates, kilijaribu kueleza kwa nini Waskithi, wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, walikuwa na watoto wachache. Lawama iliangukia farasi na suruali. Mwanamume wa Kiskithi, kilieleza, hushinda juu ya farasi akitikiswa, suruali haimtoki mwilini, na baridi pamoja na uchovu humwondolea hamu. Kikaongeza kwamba matajiri ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa maskini hawana farasi wa kupanda.

Kuhusu baridi, kitabu hicho kilikosea. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa sahihi: mwenendo wa kila siku wa mwanamume unaifanya nini mbegu yake? Swali hilo liliachwa kando kwa karne nyingi, kwa sababu nyumba ikikosa mtoto aliyechunguzwa alikuwa mke. Hata katika Kiswahili, maneno tasa na mgumba hubandikwa wanawake kuliko wanaume, na mume anayetimiza wajibu wa kitandani huhesabiwa kuwa hana dosari. Nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Mbegu yenyewe ilionekana mwaka 1677, katika mji wa Delft, Uholanzi. Mwanafunzi aitwaye Johan Ham alimpelekea Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa fundi wa kusaga lenzi, sampuli ya manii. Leeuwenhoek akaitazama kwa hadubini yake, akaona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea. Karne moja baadaye Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, aliwavalisha vyura dume suruali ndogo za kubana. Mayai ya majike yao hayakurutubishwa. Suruali, basi, imo katika historia hii tangu zamani, ingawa ile ya vyura ilikuwa na kazi tofauti: kuonyesha kwamba manii yasipoligusa yai hakuna kiumbe.

Jibu la swali lile lililozushwa na Waskithi lilianza kupatikana kwa wanyama wa kufugwa. Katika miaka ya 1920, Carl Moore wa Chuo Kikuu cha Chicago alitaka kujua kwa nini korodani ambazo hazikushuka kutoka tumboni hazitengenezi mbegu. Alizirudisha tumboni korodani nzima za wanyama, zikaharibika. Kisha yeye na mwenzake wakazifunika korodani za kondoo dume kwa kitambaa kizito kilichozuia joto lisitoke, bila kuzihamisha mahali pake. Zikaharibika vilevile. Hapo ikawa wazi kwamba kosa halikuwa tumbo, lilikuwa joto. Mwaka 1934, Phillips na McKenzie wa Missouri walieleza jinsi mfuko wa korodani wa kondoo unavyofanya kazi ya kupoza. Huko Australia, watafiti wa miaka hiyo walikuta madume wa maeneo ya joto kali wakishindwa kuzalisha baada ya kiangazi.

Muundo wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Korodani huhitaji joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Mfuko wake ni ngozi nyembamba isiyo na mafuta chini yake, yenye tezi nyingi za jasho. Hewa ikipoa, misuli huikunja ngozi hiyo na kuzivuta korodani karibu na mwili. Joto likizidi, ngozi hulegea nazo huning'inia. Ndani zaidi, mishipa inayorudisha damu huizunguka ile inayoileta, kama mmea utambaao ulivyojiviringisha kwenye mti, hivyo damu iliyopoa ikipanda huipunguzia joto damu inayoshuka. Mishipa hiyo ikivimba, mpangilio huvurugika. Mwaka 1952, daktari wa Edinburgh aitwaye Tulloch aliandika kuhusu mwanamume asiyekuwa na mbegu ambaye, baada ya mishipa hiyo kufanyiwa upasuaji, alipata mtoto.

Majaribio ya joto kwa binadamu yalifanyika mwaka 1941. John MacLeod na Robert Hotchkiss, waliokuwa New York, waliwaweka wanaume katika kabati la homa, chombo ambacho siku hizo kilitumika kutibu kaswende na kisonono kwa kuupandisha mwili joto. Idadi ya mbegu ilishuka, lakini si siku ile wala kesho yake, bali wiki kadhaa baadaye. Sababu ya kuchelewa huko ilieleweka katika miaka ya 1960, ilipopimwa kwamba mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, mbali na siku za kupevuka na kusafiri. Aliyeugua homa kali mwezi uliopita hulipa deni lake leo.

Kama joto hupunguza mbegu, huweza pia kutumika kuzuia mimba, na wapo waliolifuata wazo hilo. Martha Voegeli, daktari wa Uswisi aliyefanya kazi India, aliwafundisha wanaume kukalia maji ya moto kila siku kwa wiki tatu. Mjini Toulouse, Ufaransa, kuanzia miaka ya 1980, Roger Mieusset alibuni chupi inayozisukuma korodani juu, karibu na mwili, kwa saa 15 kila siku. Joto lilipanda kwa nyuzi 2 tu, na mbegu zikapungua sana. Chupi ilipoachwa, zikarudi.

Baada ya hapo vitu vya nyumbani navyo vikaanza kuchunguzwa. Mwaka 2005, watafiti wa jimbo la New York waliwakalisha vijana 29 kwa saa moja wakiwa na kompyuta mpakato mapajani. Joto la mfuko wa korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Jambo la kushangaza ni kwamba kukaa tu huku mapaja yamebanwa, bila kompyuta yoyote, kulilipandisha kwa nyuzi 2.1. Jina la Kiswahili la chombo hicho, linalotokana na kupakata, limeutaja mkao wenye kasoro kabla ya maabara. Huko Padova, Italia, wanaume 10 waliingia sauna mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Mbegu zao zilipungua, na baada ya miezi sita ya kuacha zilikuwa zimerejea. Mwaka 2018, watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya wanaume 656 wa kliniki ya uzazi: wenye kuvaa boksa pana walikuwa na mkusanyiko wa mbegu uliozidi wa wengine kwa asilimia 25. Tofauti hiyo si hukumu ya utasa, kwani hata wenye kubanwa wengi wao walibaki ndani ya kiwango cha kawaida. Kikoi cha pwani, kwa kuwa hakibani, kwa kipimo hiki kimo upande salama.

Mambo mengine yaliingia kwa haraka katika orodha ya yanayoshukiwa baada ya mwaka 1992, Elisabeth Carlsen na Niels Skakkebæk wa Denmark walipodai kwamba wastani wa mbegu ulishuka kutoka milioni 113 kwa mililita mwaka 1940 hadi milioni 66 mwaka 1990. Hesabu hiyo inabishaniwa hadi leo, maana namna ya kuhesabu imebadilika na waliopimwa hawafanani. Tumbaku, pombe nyingi na unene vimehusishwa na mbegu dhaifu. Dawa za kujenga misuli zina ushahidi ulio wazi zaidi: homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani, nazo hulala.

Kwa hiyo, katika kliniki inayofanya kazi yake sawasawa, mume huitwa pamoja na mke. Huulizwa kazi yake, mavazi yake, dawa anazomeza, na kama alipata homa katika miezi mitatu iliyopita. Kipimo cha kwanza kikiwa kibaya, hurudiwa, na kama alitoka kuugua, husubiriwa mbegu mpya zitengenezwe.