Safari ya Langhe, nyumbani kwa Barolo: Chagua mwezi kwanza, tiketi baadaye

Wengi wanaotaka kwenda kuonja mvinyo mwekundu wa Barolo huanza kwa kutafuta tiketi ya ndege. Tunashauri waanze na kalenda. Langhe, eneo la vilima kusini mwa jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, hubadilika mno kati ya mwezi mmoja na mwingine. Aliyekosea mwezi anaweza kufika akakuta milango imefungwa, bei ya chumba imepanda, au mwenye shamba yumo kwenye mavuno na hana hata dakika kumi za kumpokea mgeni. Kwa msafiri wa kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ambaye ameshalipia viza, bima na nauli, hilo ni kosa la gharama kubwa.

Kitovu cha Langhe ni mji wa Alba, ulio kando ya mto Tanaro. Kuuzunguka kuna vijiji vilivyojengwa juu ya vilima, na kati ya kijiji na kijiji ni mizabibu iliyopandwa kwa mistari hadi karibu na milango ya nyumba. Mwaka 2014 Unesco iliyaingiza mashamba hayo, pamoja na ya maeneo jirani ya Roero na Monferrato, katika orodha ya urithi wa dunia.

Barolo ni jina la kijiji na pia ni jina la mvinyo. Kijiji kina wakazi mia kadhaa tu, lakini mvinyo unaobeba jina hilo unaruhusiwa kutoka katika manispaa 11, zikiwemo La Morra, Monforte d'Alba, Serralunga d'Alba na Castiglione Falletto. Upande wa pili wa Alba kuna Barbaresco, ndugu yake mdogo. Zote mbili hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo. Rangi yake ni hafifu, kiasi kwamba asiyeijua hudhani ni mvinyo mwepesi, lakini ukiuweka mdomoni unakutana na ukakasi unaokumbusha bibo la korosho. Ukakasi huo hupungua kwa kukaa. Ndiyo maana sheria inaitaka Barolo ihifadhiwe kwa muda usiopungua miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa ya mbao. Barbaresco inatakiwa kukaa miezi 26.

Oktoba imebeba mengi mno

Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ya Langhe huvunwa mara moja, na Nebbiolo ndiyo huchelewa kuiva kuliko zabibu nyingine nyekundu za huko. Inaaminika kwamba jina lake limetokana na nebbia, yaani ukungu, ule unaofunika mabonde asubuhi za Oktoba wakati wa kuichuma. Mvua ya mawe ya dakika chache inaweza kuondoka na mapato ya mwaka mzima. Ukielewa hivyo, hutashangaa ukimpigia simu mkulima mwanzoni mwa Oktoba akakujibu kwa mkato.

Mwezi huo huo ndipo huanza maonyesho ya kimataifa ya tartufo mweupe mjini Alba, ambayo huendelea hadi mapema Desemba, hasa siku za mwisho wa juma. Tartufo ni uyoga unaoota chini ya ardhi, karibu na mizizi ya miti, na hutafutwa kwa mbwa waliofundishwa kunusa. Bei ya kilo moja ni maelfu ya euro. Hotelini huparuzwa vipande vyembamba mbele yako juu ya tambi za mayai ziitwazo tajarin, na hupimwa kwa gramu. Muulize mhudumu bei ya gramu kabla hajaanza kuparuza. Hakuna atakayekuona mshamba.

Kwa hiyo Oktoba ina mavuno, ukungu, uyoga na umati wa watu kwa wakati mmoja. Wanaoipenda wanaipenda kweli, lakini kwa safari ya kwanza sisi tungechagua Mei au nusu ya kwanza ya Juni, wakati vilima ni kijani, mchana ni mrefu na watengenezaji wana nafasi ya kuzungumza. Chaguo letu la pili ni katikati ya Novemba, siku za kati ya juma. Mavuno yameisha, majani ya mizabibu yamegeuka manjano na mekundu, na uyoga bado upo. Januari na Februari maeneo mengi hufungwa. Katikati ya Agosti Italia nzima iko likizoni, na joto la mabondeni si la kufanyia utani.

Ukishapata mwezi, hesabu kurudi nyuma. Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haitarudishwa ukinyimwa. Bima ya safari inapaswa kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Anayesubiri wiki tatu za mwisho anacheza kamari, kwa sababu hata miadi ya kupeleka fomu huwa haipatikani upesi. Chagua hoteli ambayo nafasi yake unaweza kuifuta bila kutozwa, angalau mpaka viza itoke.

Nani ataendesha gari?

Swali hili ndilo huamua utalala wapi. Ukitokea Afrika Mashariki, unaweza kuruka hadi uwanja wa Malpensa, Milan, kwa kupitia Addis Ababa au miji ya Ghuba. Kutoka hapo hadi Alba ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Uwanja wa Torino uko karibu zaidi, na unawafaa hasa Waswahili wanaoishi Ujerumani na kwingineko Ulaya. Kuna treni kutoka Torino hadi Alba kupitia Bra, lakini treni haikufikishi Barolo. Mabasi ya vijijini ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Teksi hazizunguki barabarani kutafuta abiria. Lazima uagize mapema.

Ukikodi gari, utahitaji kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako. Kisha kuna suala la kipima ulevi. Kikomo nchini Italia ni gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu, na kwa dereva mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu ni sifuri. Barolo huwa na kileo cha asilimia 14 au zaidi. Glasi tano za kuonja zenye mililita 50 kila moja, zikinywewa zote, zinatosha kumvusha kikomo mtu wa uzito wa wastani, na hapo ni cantina ya kwanza tu. Adhabu ni faini ya mamia ya euro na leseni kusimamishwa, na kiwango kikiwa kikubwa suala huwa la jinai. Baiskeli nayo haikuokoi: kuiendesha ukiwa umelewa ni kosa vilevile.

Kwa watu wanne, kukodi gari lenye dereva kwa siku moja au mbili si anasa. Ukigawanya gharama, mara nyingi inalipa. Anayesafiri peke yake anaweza kulala Alba na kuagiza teksi, au kulala La Morra na kutembea kwa miguu. Njia za kati ya mizabibu zimewekewa alama, na kutoka La Morra kuteremka hadi Barolo ni matembezi mazuri ya asubuhi. Kurudi ni kupanda mlima, basi panga kurudi kabla ya chakula cha mchana, au lipia teksi.

Ndani ya cantina

Kiwanda cha mvinyo huitwa cantina, neno ambalo lisikuchanganye na kantini ya shuleni. Nyingi ni za familia: baba, binti, mkwe na mfanyakazi mmoja au wawili. Hakuna kuingia tu kama dukani. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, kwa Kiitaliano au Kiingereza, ukitaja siku, saa na idadi ya watu. Msomaji wa Malindi au Watamu, ambako Kiitaliano husikika hadi sokoni, ana faida kubwa hapa, maana maneno machache tu ya lugha yao hubadilisha mapokezi. Kuonja hulipiwa, mara nyingi kati ya euro 20 na 40 kwa mtu, na wapo wanaokusamehe ukinunua chupa. Kutema mvinyo kwenye ndoo iliyowekwa mezani ni jambo la kawaida, na wenyewe hufanya hivyo.

Cantina mbili kwa siku zinatosha, moja saa nne asubuhi na nyingine saa tisa alasiri. Tunasisitiza hili kwa sababu ratiba za nne au tano kwa siku huishia kwa mtu asiyekumbuka alichoonja. Ili kujua tofauti, chagua moja ya upande wa magharibi, La Morra au Barolo, ambako udongo hutoa mvinyo laini na wenye harufu nzuri, na nyingine ya mashariki, Serralunga au Monforte, ambako ni mkali na huchukua miaka mingi kulainika. Waulize pia wanatumia mapipa gani. Miaka ya 1980 vijana walioitwa Barolo Boys walileta mapipa madogo ya mwaloni kutoka Ufaransa, wakagombana na wazee waliotetea mapipa makubwa ya jadi. Elio Altare wa La Morra aliyakatakata mapipa ya baba yake kwa msumeno wa mashine, na baba akamnyima urithi. Siku hizi wengi wako katikati.

Barbaresco haifai kurukwa. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Fiorino Marengo, aliwakusanya wakulima wadogo 19 wakaanzisha ushirika, Produttori del Barbaresco, ambao leo unaheshimika duniani kote. Msomaji anayetoka kwenye familia ya ushirika wa kahawa ataona mambo mengi anayoyajua.

Asiyekunywa pombe naye hatakosa la kufanya. Bra ndiko yaliko makao ya Slow Food, harakati ya kutetea vyakula vya asili iliyoanzishwa na Carlo Petrini, na tangu 2022 rais wake ni Mganda, mtaalamu wa kilimo Edward Mukiibi, aliyesoma katika chuo kikuu cha sayansi ya chakula kilichoko Pollenzo, jirani na hapo. Alba yenyewe ni mji wa Ferrero, watengenezaji wa Nutella, na keki ya kokwa za nocciola utaikuta karibu kila mgahawa.

Mikono inayovuna

Utajiri huu si wa zamani. Hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili Langhe ilijulikana kwa umaskini, na vijana waliyakimbia mashamba kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya magari vya Torino. Mwandishi Beppe Fenoglio wa Alba aliyaeleza maisha hayo bila kuyapamba. Mwaka 1986 mvinyo wa bei rahisi uliochanganywa methanoli uliua watu zaidi ya 20 nchini Italia, na tangu hapo wakulima wengi wa huku wakaona kwamba usalama wao uko kwenye ubora.

Leo zabibu nyingi huchumwa na wahamiaji, kutoka Ulaya ya mashariki na pia kutoka Afrika. Wapo wanaoajiriwa moja kwa moja kwa mkataba, na wapo wanaoletwa na mawakala wanaowakata ujira na kuwalaza pabaya. Polisi na waendesha mashtaka wa eneo hilo wamewahi kufuatilia kesi za aina hiyo. Mgeni anaweza kuuliza kwa upole: nani huwachumia, na mnamwajiri vipi? Mwenye cantina anayewaajiri mwenyewe hulijibu swali hilo bila kusita, tena mara nyingine kwa fahari. Sisi tungenunua kwake.

Kuhusu kununua, Barolo nzuri mara chache hupatikana kwa chini ya euro 35. Zabibu hizo hizo huuzwa kwa jina la Langhe Nebbiolo kwa bei ya chini zaidi, na kwa chakula cha nyumbani hutajuta. Viwanja vingi vya ndege haviruhusu chupa kwenye mzigo wa mkononi, isipokuwa zile za madukani ndani ya uwanja wa ndege. Zifunge katikati ya nguo kwenye sanduku la kupakia. Kanuni za forodha za Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru. Hizo ni chupa mbili za kawaida, na ya tatu uitangaze.