Unga wa Yanga na mahindi ya Mbeya

Muulize mzee yeyote wa Dar akusimulie unga wa yanga: sembe ya mahindi ya njano kutoka nje, rangi ya jezi ya Yanga, iliyoliwa miaka ya 70 na 80 huku Mbeya na Ruvuma wakivuna mahindi meupe. Kisheria nafaka ilinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Ukikutwa barabarani na zaidi ya kilo 30 bila kibali, wewe mlanguzi. Basi mahindi ya nyumbani yakapita magendo, na mlaji akalipia nauli, hatari na (tusidanganyane) kitu kidogo cha pale kwenye kizuizi. Mwaka 1984 kikomo kikapandishwa hadi kilo 500, 1987 kikafutwa.