Kabla ya Kisanduku Kulikuwa na Kadi

Vijana wa Uingereza wanaopata leseni siku hizi hudhani kile kisanduku cheusi cha bima kinachofungwa chini ya dashibodi kupima wanavyoendesha ni jambo la zama zao, na kampuni za bima hazina haja ya kuwasahihisha. Mimi nimeendesha malori nchi hii tangu miaka ya 1990, nikitokea kwenye maghala ya Magna Park huko Lutterworth, na kwangu habari hii ni kongwe. Ugomvi wa nani amtazame dereva akiwa kwenye usukani ulipiganwa hapa karibu miaka hamsini iliyopita, na waliopigana walikuwa madereva wa malori. Vijana wenyewe hawakupigana kabisa. Kwa nini hawakupigana ndiyo hadithi ninayoitaka.

Nianzie mbali kidogo. Sheria ya magari ya mwaka 1903 ilimtaka dereva wa Uingereza awe na miaka 17 na leseni ya shilingi tano. Mtihani haukuwepo. Ukilipa, umekuwa dereva. Bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo nyumbani Tanzania, ikawa lazima kwa sheria ya mwaka 1930. Sheria hiyohiyo, kwa maajabu, iliondoa kikomo cha mwendo kwa magari madogo. Mwaka 1934 walikufa barabarani watu zaidi ya 7,000, idadi kubwa kuliko ya leo mara kadhaa, wakati magari yalikuwa machache mno ukilinganisha na sasa. Bunge likashtuka. Kuanzia Juni 1935 mtihani wa udereva ukawa lazima kwa dereva mpya, ada yake shilingi saba na nusu, na kwa kuwa vituo havikuwepo, mtahini na mtahiniwa walikutana stesheni ya treni au kwenye bustani ya mji.

Kwa hiyo serikali ilishughulika na ustadi wa dereva siku moja tu, siku ya mtihani. Baada ya hapo kijana aliachwa na polisi na kampuni ya bima. Polisi hawawezi kuwa kila kipilefti. Kampuni ya bima nayo haikuwa na jicho, ilikuwa na jedwali: umri wako, anwani yako, gari lako, umekaa miaka mingapi bila kudai. Dereva mpya wa miaka 18 hana miaka ya kuonyesha, hivyo akahukumiwa kwa makosa ya rika lake. Mtu aliyezoea mambo ya kwetu hili linamshangaza. Tanga, mwenye gari dogo la binafsi hulipa bima ndogo kwa bei moja, awe kijana aliyetoka chuo cha udereva jana au babu aliyeanza na Land Rover za mkoloni. Hapa Uingereza kijana anaweza kutajiwa bima inayozidi bei ya gari lenyewe.

Sasa turudi kwenye malori, maana huko ndiko kamera isiyo na lenzi ilipoanzia.

Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kufunga takografu kwenye malori. Kwa asiyeijua: ni kifaa nyuma ya spidomita, na enzi hizo ndani yake kulikuwa na kadi ya mviringo ya karatasi iliyopakwa nta, iliyozunguka mara moja kwa saa 24. Sindano ndogo ilichora juu yake mwendo, umbali, na kama ulikuwa unaendesha, unapumzika au unapakia. Za kampuni ya Kienzle ya Ujerumani ndizo nilizozikuta mimi. Kadi ile ukiijua unaisoma kama daktari anavyosoma kipimo cha moyo. Mlima unauona, foleni unaiona, na chai uliyosimama kunywa pembeni mwa barabara unaiona.

Uingereza ilijiunga na Jumuiya mwaka 1973, na madereva wakaikataa takografu wazi. Chama chao kikubwa, Transport and General Workers' Union, kilikuwa na nguvu ya kufunga bandari. Wakaipa jina: jasusi wa kwenye kabini. Serikali ikaogopa, ikasema kifaa kiwe cha hiari. Tume ya Ulaya ikaishitaki. Utetezi wa Uingereza mahakamani ulikuwa kwamba ukilazimisha, watu watagoma na uchukuzi utakwama. Wala hawakuwa wanatisha watoto, kwani Januari 1979 madereva wa malori waligoma kwa ajili ya mishahara na nchi ikatetemeka. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Februari 1979, Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ikaamua kwamba ugumu wa utekelezaji si sababu ya nchi kukwepa kanuni. Mwisho wa mwaka 1981 takografu ikawa lazima.

Mzee mmoja wa Coventry aliyenifundisha kazi alikuwepo wakati huo. Alinisimulia kwamba kabla ya kadi kulikuwa na daftari la saa ambalo dereva alijijazia mwenyewe, na wengine waliweka madaftari mawili, moja la tajiri na moja la askari. Yeye aliandamana kupinga kadi. Miaka miwili baadaye akawa haiachi. Tajiri akimwambia apeleke mzigo Glasgow na arudi usiku huohuo, alikuwa akimwonyesha kadi tu: nimefikia kikomo cha saa za kuendesha, sheria inanitaka nipumzike, ukitaka nizidishe weka sahihi yako hapa. Tajiri hakuweka.

Nilimwelewa, kwa sababu kazi ya lori niliianza nikiwa utingo njia ya Dar kwenda Tunduma. Kule aliyetupima alikuwa tajiri, na kipimo chake kilikuwa kijiti cha kuchovya kwenye tangi la dizeli. Mafuta yakipungua kuliko alivyohesabu, dereva ameuza. Lori likichelewa, dereva amelala. Kwamba dereva ameushuka mlima wa Kitonga akiwa macho siku ya pili mfululizo, kijiti hakikuonyesha.

Jambo ambalo huwa halisemwi kuhusu kadi ni kwamba kelele za madereva hazikwenda bure. Walishindwa kuizuia, lakini ilipokuja ilikuja na mipaka iliyoandikwa. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1985 ilisema kampuni itunze kadi angalau mwaka mmoja, na dereva akiomba nakala apewe. Kila mtu anajua kadi inatafuta nini: saa za kuendesha, saa za kupumzika. Haikupi maksi. Haikwambii wewe ni dereva wa aina gani.

Kisanduku cha vijana kilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Marekani, Progressive, ilijaribu mjini Houston, Texas, bima iliyoitwa Autograph, inayotoza kwa kuangalia gari limetembea wapi na saa ngapi kwa msaada wa setelaiti. Norwich Union ya Uingereza ikachukua wazo, ikafanya majaribio kuanzia 2003, na mwaka 2006 ikaingia sokoni na bima ya kulipa kadiri unavyoendesha. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 23 bei ilikuwa kali usiku: kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, maili moja pauni moja. Mantiki yake si ya uonevu mtupu. Ajali mbaya za vijana huangukia usiku, gari likiwa limejaa marafiki. Lakini wateja hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na mwaka 2008 kampuni ikaufunga mpango. Ukiniuliza mimi, vijana walipopewa nafasi ya kuchagua kwa kweli, hawakukichagua kisanduku.

Kilichogeuza mambo kilitoka Luxembourg tena, mahakama ileile. Chama cha watumiaji cha Ubelgiji, Test-Achats, kilipeleka kesi ya bei za bima kutofautiana kati ya wanaume na wanawake. Tarehe 1 Machi 2011 mahakama ikaamua ubaguzi huo ukome, na ukakoma tarehe 21 Desemba 2012. Hadi hapo msichana wa Kiingereza alikuwa analipa pungufu sana kuliko kaka yake, kwa kuwa takwimu zilionyesha anagonga kidogo. Sasa jedwali likapoteza safu yake moja yenye maana kubwa. Kampuni zikahitaji namna ya kujua nani anaendesha kwa utulivu bila kuuliza jinsia, na jibu lilikuwa tayari kabatini: mtazame anavyoendesha.

Insurethebox ilikuwa imeshaanza mwaka 2010, ikiuza bima kwa maili. Ulikuwa unanunua 6,000, na ukienda vizuri unazawadiwa nyingine. Baada ya hukumu walitoa hata bima yenye jina Drive Like a Girl, wavulana nao wakikaribishwa. Nilicheka niliposikia, maana mahakama imekataza kumpunguzia msichana kwa usichana wake, soko likajibu kwa kumwambia kila mtu awe msichana. Ingenie nayo ikaja, na Co-operative, na nyingine. Kisanduku chenyewe ni kipokezi cha setelaiti, kihisi cha mtikisiko na laini ya simu, basi. Kihisi kinajua umepiga breki kwa nguvu au umekata kona kwa pupa. Baadaye vikaja vya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti, vya kubandika kwenye kioo, na mwisho programu ya simu tu.

Na hapa ndipo nasimama na swali langu. Jasusi wa kwenye kabini aliingia kwa amri ya sheria, baada ya karibu miaka kumi ya mabishano. Tanzania nako, mabasi ya mikoani yalifungiwa mfumo wa kufuatilia mwendo kwa amri ya mamlaka, kwanza SUMATRA, kisha LATRA iliyoipokea kazi mwaka 2019. Abiria anajua, dereva anajua, kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Kisanduku cha kijana wa Uingereza hakikuamriwa na mtu. Bunge la London lilijadili mara kadhaa kumzuia dereva mpya asiendeshe usiku au asibebe wenzake, na kila mara likaahirisha, hoja ikiwa kwamba vijana wa vijijini watakosa kwenda kazini. Walichoahirisha wabunge kikapitia dirisha la bei. Hakuna aliyelazimishwa, ametajiwa bei mbili tu, moja anaiweza na nyingine haiwezi. Mtu wa miaka 18 anayejaza fomu usiku chumbani kwake hana chama cha kumsemea, na hajui kuna wenzake laki kadhaa wanajaza fomu ileile.

Siandiki haya kwa kukichukia kisanduku. Binti yangu alikifunga mwaka aliopata leseni. Bila kisanduku alitajiwa pauni 2,300, nacho pauni 1,450, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia akubali. Mama yake alikuwa analala vizuri zaidi. Mtoto akawa anaangalia maksi zake kwenye simu kila Jumatatu, na nilipokaa naye garini niliona anaanza kuachia mafuta mapema kabla ya kipilefti, kitu nilichomwambia miezi mingi bila mafanikio.

Shida ilianza alipopata kazi ghalani, zamu ya kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku, na mara mbili kwa wiki inaongezwa hadi saa sita. Maksi zikashuka. Mwendo wake ulikuwa uleule, breki zake zilezile, barabara ileile ya kilomita kumi na mbili ambayo saa sita ya usiku haina gari. Kisanduku kilichobuniwa kumtazama kijana anayetoka disko kilikuwa kinamtazama kijana anayetoka kupanga makatoni, na hakikuweza kutofautisha.

"Baba," akaniuliza, "wewe ukiendesha usiku takografu inakukata?"

Nikamwambia hapana, inahesabu saa tu.

Akapiga simu kwa kampuni. Aliyepokea alikuwa na adabu, akamweleza kwamba maksi hukokotolewa na mfumo na yeye hawezi kuzigusa. Tukaomba taarifa zake kwa kutumia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na zikaletwa, kurasa nyingi za tarehe, saa na mahali. Safari zake zote zilikuwemo. Usiku umepewa uzito gani, na breki uzito gani, havikuwemo. Hiyo, walisema, ni siri ya biashara. Nilizisambaza zile karatasi mezani nikazisoma kama nilivyozoea kusoma kadi zangu, na sikuona kosa lolote la udereva.

Bima ilipokwisha alipata kampuni nyingine isiyotaka kisanduku, pauni 260 juu ya bei aliyopewa kuhuisha ile ya zamani. Akalipa kwa pesa za zamu za usiku.