Usomaji wa watoto wadogo nyumbani (Nakuru)

Usomaji wa nyumbani ni mazoea ya mzazi, mlezi au ndugu mkubwa kumsomea mtoto, au kumsikiliza akisoma, nje ya saa za shule. Katika Kaunti ya Nakuru, iliyohesabiwa watu 2,162,202 kwenye sensa ya 2019, mazoea haya hutegemea kwanza ratiba ya kazi. Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha huondoka alfajiri na kurejea jioni amechoka, na aliyebaki na mtoto wa gredi ya kwanza mara nyingi ni dada yake wa gredi ya sita. Dada huyo ni mwalimu wa kusoma kama mwingine yeyote, na anastahili kuonyeshwa namna ya kufanya kazi hiyo.

Lugha ya kuanzia ipo tayari. Sera ya Kenya huagiza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Katika mitaa ya Nakuru kama Bondeni na Kaptembwo, ambako Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Waluhya wanapanga vyumba ua mmoja, watoto hucheza kwa Kiswahili. Nacho kina fadhila kubwa kwa msomaji mchanga: silabi hazibadiliki. Ba ni ba popote ilipo, ilhali irabu za Kiingereza hugeuza sauti neno hadi neno.

Mradi wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulipima ufasaha wa kusoma kwa kigezo cha maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Tofauti hiyo isimtie mzazi wasiwasi. “Tutakaporudi” ni neno moja tu, lakini limebeba mtu, wakati na tendo. Saa ya simu yatosha kumpima mtoto nyumbani, ingawa swali lenye uzito zaidi ni jingine: sungura alimhadaaje fisi? Mtoto anayetiririsha maneno bila kulijibu bado hajasoma.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, na masomo yakahamia nyumbani. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilirusha vipindi kupitia redio na runinga, na huduma ya Shupavu 291 ilifikisha maswali kwa ujumbe mfupi hata kwenye simu za mulika mwizi. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, simu ilikuwa imeshazoeleka kama kifaa cha masomo.

Hadithi za kusoma kwenye simu hiyo si haba. African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, hutoa bure vitabu vya picha kwa Kiswahili, Kikuyu, Kimaasai na lugha nyingine nyingi, na vinaweza kupakuliwa au kuchapishwa. Njia iliyo rahisi na salama ni hii: mzazi apakue hadithi tatu nne, kisha azime data kabla ya kumpa mtoto simu. Bando haliishi, tangazo halichomozi, na video moja haiiti nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba pungufu ya hapo ni bora. Saa hiyo ina faida zaidi mtu mzima akiwa ameketi kando, kidole chake kikifuata mstari.

Ulinzi wa mtoto kwenye simu una upande mwingine ambao wazazi husahau, nao ni picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Mzazi anayeweka kwenye WhatsApp picha ya mwanawe akiwa na sare, jina na ripoti ya muhula huwapa wageni anwani ya mtoto. Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa miongozo inayozitaka kampuni za simu na intaneti kuwalinda watoto katika huduma zao, lakini miongozo hiyo haimfikii mtoto aliyejifungia chumbani na simu usiku.

Mtu asiyejulikana akimwandikia mtoto, au mtoto akificha skrini ghafla, mtoto asikemewe wala simu isivunjwe. Ujumbe usifutwe, maana ndio ushahidi. Nambari ya msaada kwa watoto nchini Kenya ni 116, na kupiga ni bure.