Dawa za Ng'ombe na Herufi za DNA

Nyuzi mbili za DNA zinaposokotana huacha mifereji miwili isiyolingana. Mmoja ni mpana, na humo ndimo protini nyingi hupenyeza vidole vyao kusoma jeni. Mwingine ni mwembamba, na kwa muda mrefu ulionekana hauna la maana la kusomwa. Molekuli nyingi ndogo zinazotambua sehemu mahsusi za DNA hushika ndani ya mfereji huo wa pili, na zilianza kazi kama dawa miaka mingi kabla ya kujulikana zinashika nini.

Mwaka 1951 netropsini ilitangazwa kuwa kiuavijasumu kipya, kilichotokana na bakteria wa udongo, Streptomyces netropsis. James Watson na Francis Crick walikuwa bado hawajatangaza muundo wa DNA. Walifanya hivyo mwaka 1953, wakitegemea pia picha za eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin. Jamaa ya netropsini, distamisini, ilipatikana Italia kutoka kwa bakteria wa ukoo huohuo, na muundo wake ukachapishwa mwaka 1964. Zote mbili zimepinda kama hilali, zikiwa na pete ndogo za piroli zilizofungamanishwa kwa amidi: netropsini ina pete mbili, distamisini tatu. Kwa sumu yake netropsini haikufaa kutibu watu, lakini wakemia hawakuiacha.

Dawa zilizofaa zilitoka kwingine. Pentamidini ilikuwa ikitumika dhidi ya malale Afrika ya Kati na ya Magharibi tangu miaka ya 1940. Mwaka 1955 kampuni ya Kijerumani ya Hoechst ilileta diminazini, ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki waliijua zaidi kwa jina la Berenil: sindano ya kutibu nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Hakuna aliyeibuni ili isome DNA. Hata hivyo nayo imepinda, ina chaji chanya kila ncha, na hukaa vizuri ndani ya mfereji mwembamba pale penye adenini (A) na thaimini (T) nyingi. Kimelea cha nagana kina hazina ya namna hiyo: DNA ya kinetoplasti, ambayo ni maelfu ya vipete vilivyofumana, vyenye A na T kwa wingi. Huko ndiko dawa inakodhuru.

Utafutaji huohuo wa dawa za malale ulizaa DAPI, iliyotengenezwa mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann nchini Ujerumani. Haikufika mbali kama dawa. Lakini ikishika DNA hung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno, na leo ni vigumu kupata maabara ya seli isiyo na kichupa chake.

Kwa nini A na T? Jibu lilionekana wazi mwaka 1985, pale Mary Kopka, Richard Dickerson na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipopiga eksirei fuwele ya netropsini ikiwa imeshika kipande cha DNA chenye jozi 12 za besi. Molekuli ilikuwa imelala ndani ya mfereji, ikiwa imeyafukuza maji yaliyokuwa yamejipanga humo kama uti wa mgongo, na amidi zake zikiwa zimefunga vifungo vya hidrojeni na besi za A na T. Guanini (G) haikubali mgeni huyo, kwa kuwa kundi lake la amino hutokeza ndani ya mfereji na kumzuia, kama kisiki katikati ya njia.

Kisiki hicho kikageuzwa alama. William Lown na kundi la Dickerson walipendekeza pete ya piroli ibadilishwe kwa imidazoli, ambayo ina nitrojeni mahali pa kaboni yenye hidrojeni: nafasi hupatikana, na amino ya G hupata pa kushika. Molekuli za kwanza zilisoma kwa makosa mengi. Pengo lilizibwa mwaka 1989, pale Jeffrey Pelton na David Wemmer wa Berkeley walipoonyesha kwamba distamisini mbili zinaweza kulala ubavu kwa ubavu ndani ya mfereji uleule, vichwa vikielekea pande tofauti. Kwa kuwa kila upande wa jozi una msomaji wake, G ikitangulia sitosini (C) hutofautishwa na C ikitangulia G.

Peter Dervan wa Caltech alifanya hilo kuwa kanuni. Katika poliamidi zake, yaani molekuli za pete hizo zilizofungamanishwa kwa amidi, imidazoli ikikabiliana na piroli husoma G·C; zikibadilishana nafasi husoma C·G; piroli mbili husoma A au T bila kubagua. Uwezo wa kubagua A na T ulikuja mwaka 1998 tu, kwa pete ya hidroksipiroli, kwani A·T na T·A hufanana sana ndani ya mfereji mwembamba. Mwaka mmoja kabla, Dervan na Joel Gottesfeld walikuwa wamezima jeni katika seli za chura kwa poliamidi.

Kwa hesabu, jozi 16 hutoa mipangilio zaidi ya bilioni 4.2, mingi kuliko herufi za jenomu ya binadamu, ambazo ni takriban bilioni tatu. Molekuli ya kusoma urefu huo, hata hivyo, huwa kubwa, na kadiri inavyokua ndivyo kuingia kwenye kiini cha seli kunavyozidi kuwa kugumu. Poliamidi zimebaki zaidi katika maabara. Pentamidini nayo imeachia nafasi kwa wagonjwa wengi wa malale ya aina ya gambiense, baada ya vidonge vya feksinidazoli kuidhinishwa mwaka 2018. Kwa ng'ombe, diminazini bado inachomwa.