Diazepamu: kwa nini kipimo kilekile kinaweza kumzidi mgonjwa

Diazepamu, inayojulikana pia kama Valium, inalegeza misuli na kutuliza degedege. Ikiingia ndani ya damu, karibu sehemu 98 kwa 100 zinajishika kwenye albumini, protini inayotengenezwa na ini. Zile 2 zinazobaki huru ndizo zinafanya kazi.

Mtoto mwenye bwaki, ao mtu mwenye ini ao figo mbovu, albumini yake inaweza kupungua. Kwa mfano, zikibaki huru 4 badala ya 2, sehemu iliyo huru imekuwa mara mbili: usingizi unaweza kuwa mzito, hata pumzi inaweza kupungua.

Basi ndugu wa Goma, usinunue vidonge hivi bila karatasi ya muganga. Umwambie kwanza ugonjwa ulio nao.